Mchango wa Migongo

Nchi ya Tulivuni haina vita. Jambo hili limo katika wimbo wa taifa, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa saba, na raia asiyeujua ubeti wa saba huchapwa mpaka aujue. Kwa hiyo msomaji asije akadhani kwamba haya ninayoyasimulia yalitokea katika nchi yenye matata. Yalitokea katika amani tupu.

Amani hiyo ilikuwa na askari wake. Kikosi cha Utulivu kilikuwa na watu elfu tisa wenye mikono minene, na kwa kuwa hapakuwa na adui, mikono ilianza kulegea. Wataalamu wakakaa semina ya siku kumi na nne, wakala mbuzi wa kutosha, wakatoka na Sheria ya Mchango kwa Mwili. Raia mwenye fedha alichangia kwa fedha. Asiye nazo alichangia kwa mgongo: alichapwa hadharani na Kikosi, na Wizara ya Utulivu ikatoa kitu badala yake. Viboko viwili, tofali moja. Vinne, lita ya dizeli. Askari wakapata mazoezi, wananchi wakapata maendeleo. Shule ya Msingi Mwendapole ilijengwa kwa viboko elfu kumi na moja, na mwalimu mkuu wake mpaka leo hulala kifudifudi.

Kulikuwa na sharti moja, lililotungwa ili kuzuia udanganyifu. Kila kiboko kikishuka, aliyechapwa alitakiwa ataje kwa sauti kile anachokilipia, na karani wa Wizara aandike neno kwa neno alichosikia, nakala tatu, kisha agonge muhuri. "Tofali," alisema mtu. Pa! "Tofali." Pa! "Tofali, mama yangu wee." Karani naye aliandika: tofali, mama yangu wee. Hakuruhusiwa kupunguza hata herufi. Stakabadhi ya Wizara haikupingwa na mtu, hata mahakamani, hata na Waziri mwenyewe.

* * *

Kezia alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanafunzi Wakristo katika Chuo cha Ualimu Mwangaza, msichana mrefu, mwenye maneno machache na kichwa kigumu. Mwaka wake wa mwisho aliwakalisha wenzake kikao, akasema likizo hii waende misheni Milima ya Nyuma, wapeleke Biblia, dawa na mablanketi.

Kikao kizima kikaangalia sakafu. Milima ya Nyuma ilikuwa imetulizwa miaka mitatu iliyopita na Mheshimiwa Nikanori Kibeshi, ambaye wakati huo alikuwa jenerali, na kwa kazi nzuri akapewa uwaziri. Alipomaliza kuituliza alitangaza redioni kwamba kule hakuna watu, wala hawakuwahi kuwapo. Mabwana takwimu wakaifuta milima kwenye sensa.

Lakini Kezia alizaliwa kule. Baba yake, mwinjilisti Elinami, mpiga tarumbeta wa usharika, alikuwa kule siku jeshi lilipopanda, na hakuteremka. Kezia hakutaka makubwa. Alitaka kujua baba yake yuko wapi, na kama yuko chini, basi azikwe kama mtu. Hilo ndilo lililomnyima raha miaka mitatu. Mablanketi aliyaongeza baadaye, ili kikao kielewe.

"Dada Kezia," akauliza Zefania, katibu wa Umoja, "mahali pasipo na watu tutamhubiria nani?"

"Mawe."

Wakapiga hesabu. Lori, dizeli, dawa na mablanketi: viboko mia sita. Kibali cha kusafiri: sitini. Wanafunzi wenyewe hawakuweza kujitolea, maana walisoma kwa mkopo wa serikali na dhamana ya mkopo ilikuwa mgongo. Mpaka siku ya mahafali mgongo wa mwanafunzi ni mali ya Hazina, na kuutoa uchapwe bila ruhusa ni wizi. Basi wakaandika barua za kuomba wahisani: Bwana Yesu asifiwe, tumepata mzigo wa kwenda kuhubiri, tunaomba sala zako, au viboko vyako, kadiri utakavyojaliwa.

Kezia alianzia kwa Bwana Mafwele, mzee wa kanisa mwenye maduka matatu. Bwana Mafwele alisoma barua mara mbili, akajifuta macho.

"Mwanangu, nimeguswa. Nimeguswa mpaka hapa," akasema, akagusa kifua. "Tatizo fedha zote zimo kwenye bidhaa, na mgongo wangu umeshaingia kwenye mradi wa kisima."

"Kisima si kilikwisha mwaka juzi, mzee?"

"Kilikwisha. Ila mgongo bado unakifikiria. Nitawaombea, mwanangu."

Mji mzima uliguswa namna hiyo. Kufikia Jumamosi Umoja ulikuwa na ahadi za maombi mia mbili na tisa, na viboko kumi na viwili. Hivyo kumi na viwili vilitoka kwa Mama Ndelilio, aliyekaanga mihogo nje ya geti la chuo. "Andika hapo, binti yangu," alisema huku akigeuza vipande kwenye karai. "Ningetoa zaidi, lakini keshokutwa ni siku ya soko, nitashindwa kuinama."

Kezia alirudi kwa Mchungaji Aminieli akiwa amekata tamaa. Mchungaji alikuwa mzee mpole, aliyekubaliana na kila mtu tangu abarikiwe kuwa mchungaji. Akashauri harambee na mnada baada ya ibada. Lakini harambee bila mgeni rasmi kutoka Wizarani ilikuwa mkusanyiko haramu, kwa hiyo barua ikapelekwa, na jibu likaja: Mheshimiwa Waziri atafika mwenyewe. Kezia aliisoma barua ile, akaikunja, akaenda kupanga viti.

* * *

Waziri alifika na magari saba, askari thelathini, na mtumishi mmoja aitwaye Obadia ambaye cheo chake kiliandikwa kwenye beji: Mgongo wa Wizara. Mheshimiwa alikuwa mkarimu, hakuwahi kutoa chini ya viboko mia katika harambee yoyote, ila kwa wingi wa majukumu hakupata nafasi ya kuvipokea. Obadia alivipokea kwa niaba yake. Alikuwa na mshahara, baiskeli na posho ya mafuta ya kujipaka.

"Ndugu wananchi!" akaunguruma Waziri. "Serikali yenu haibagui! Tajiri anaheshimiwa, maskini anachapwa, kila mtu ana nafasi yake! Nimeambiwa vijana hawa wanataka kwenda kuhubiri mahali pasipo na watu. Nawapongeza! Mahubiri pasipo na watu hayajawahi kuleta vurugu!"

Askari wakapiga makofi, na waumini wakapiga kwa kuwafuata.

Mnada ukaanza, na Zefania ndiye aliyenadi. Nisipoeleza mnada wa kanisa nitakuwa nimeuonea. Kuku huletwa, hununuliwa, kisha aliyemnunua humrudisha anadiwe tena, hivyo kuku mmoja huweza kuuzwa mara tano na bado akatoka akiwa hai na amechoka. Watu wanaruhusiwa kuungana, huyu akatoa kidogo na yule kidogo, wakamnunua kuku mmoja. Na katika harambee ya viboko mnada wa kanisa haupokei fedha wala ahadi. Hulipwa palepale, kabla ya baraka. Kuku wa siku ile aliuzwa mara nne, akaleta viboko tisa.

Ndipo Waziri akatoa zawadi yake. Desturi ilijulikana: zawadi ya Waziri hununuliwa na Waziri, ili awe mtoaji na mnunuzi, apigiwe vigelegele mara mbili na arudi na kitu chake nyumbani. Akafungua gunia, akainua tarumbeta.

"Hili nililiokota milimani," akasema, "mahali pasipo na watu."

Kezia alikuwa amesimama karibu na madhabahu na sahani ya sadaka. Alipokuwa na miaka sita aliliangusha tarumbeta la baba yake kwenye ngazi za kanisa, mdomo ukakunjika. Baba aliunyoosha kwa mchi, kunjo likabaki, na akazungusha uzi wa buluu kwenye mshikio ili binti yake alishike bila kuteleza. Kunjo lilikuwa pale. Uzi ulikuwa pale, upande mmoja wa buluu, upande mwingine mweusi uliokauka. Kezia alijua ule weusi ni nini. Alitaka kulia na alitaka kuua, vyote kwa pamoja.

"Mheshimiwa ameanza na mia!" akapaaza sauti Zefania. "Mia mara ya kwanza! Mia mara ya pili!"

"Mia na moja," akasema Kezia.

Obadia, aliyekuwa ameshaanza kufungua shati, akabaki ameshika kifungo. Hapakuwa na mtu aliyewahi kumpandia dau mgeni rasmi.

"Huyo ni mwanafunzi!" akafoka msaidizi wa Waziri. "Anatapanya mali ya Hazina!"

Askari mmoja akamfikia, akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Kezia akaanguka juu ya sahani ya sadaka, jino likabaki miongoni mwa sarafu. Askari mwingine akamkanyaga mkono. Mchungaji Aminieli akafunga macho, kama alivyozoea.

"Hiyo mia na moja ni yangu!" Mama Ndelilio alikuwa amesimama juu ya benchi. "Mtoto amenisemea tu. Mtoeni kiatu mkononi!"

"Mia tatu," akasema Waziri bila kumtazama.

Kezia aliinua kichwa. Damu ilimchuruzika kidevuni. "Ni la baba yangu," akasema, na kanisa zima likasikia.

Msomaji anayeishi katika nchi nyingine huenda akauliza kwa nini watu walioguswa mwezi mzima bila kutoa kitu walitoa siku ile. Sijui. Ninachojua ni kwamba kule nyuma mtu alisema, "Na mimi ishirini." Mwingine akasema thelathini. Fundi baiskeli akasema arobaini, mkewe akamvuta shati, kisha mkewe akasema arobaini na yeye. Zefania alikuwa akijumlisha kwa sauti. Mwisho Bwana Mafwele akainuka, watu wakadhani anatoka nje. "Kumi," akasema kwa sauti ndogo, akaketi upesi asije akabadili mawazo.

"Mia sita!" akalia Zefania.

"Elfu!" akanguruma Waziri.

Obadia akafunga kifungo chake. "Samahani, Mheshimiwa. Mkataba wangu, kifungu cha nne: mwisho mia tatu kwa siku. Vinavyozidi ni vya mwenyewe."

Watu wote wakautazama mgongo wa Waziri. Ulikuwa mpana, ndani ya suti nzuri, na tangu utoto wake haukuwa umeonwa na mtu isipokuwa fundi wa suti.

"Basi vilivyobaki ni ahadi," akasema Waziri.

"Mheshimiwa," akasema Mchungaji Aminieli. Alikuwa amefumbua macho. "Mnada wa kanisa hauna ahadi. Hulipwa hapa, kabla ya baraka."

Waziri alitazama saa yake. Kisha akatabasamu, akalitupa tarumbeta sakafuni mbele ya Kezia. "Wapeni. Ila vichapwe vyote leo, na hakuna nusu. Na mchungaji wetu, kwa kutunza taratibu, aongezewe sitini." Akapanda gari, maana alikuwa na mazishi mawili ya kuhutubia.

* * *

Walichapwa kuanzia saa saba mchana. Mabenchi yaligeuzwa, watu wakalazwa kwa zamu, karani akaweka meza yake mahali pa kwaya. "Dizeli," alisema fundi baiskeli. Pa! "Dizeli." Pa! Kwenye cha ishirini ngozi ilipasuka, kwenye cha thelathini hakutaja tena ila kwa kusukumwa. Mkewe alitaja "blanketi" mara arobaini bila kukosea. Bwana Mafwele alipiga mayowe kabla ya cha kwanza, lakini akavimaliza vyote kumi, akaenda kutapika nyuma ya kanisa. Mama Ndelilio alichukua arobaini, wengine wakagawana vyake vilivyobaki. "Andika vizuri, baba karani," alisema akiwa amelala kifudifudi. "Sitaki kuja kurudia." Sakafu iliteleza ikabidi askari wamwage mchanga. Kezia alifungwa kwenye nguzo ili asiiibie Hazina mgongo wake, akalazimika kuona kila kitu.

Mchungaji Aminieli alikuwa wa mwisho. Karani akamuuliza analipia nini.

"Kibali," akasema Mchungaji.

Karani alisita. Kibali cha kwenda Milima ya Nyuma hakingetolewa na mtu yeyote Wizarani hata kwa dawa. Lakini viboko sitini vikitajwa kibali, vikiandikwa na kugongwa muhuri, kibali kimetoka. Akaandika. Mzee alitaja "kibali" mara hamsini na mbili, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kisha hakutaja tena. Askari aliyekuwa akichapa, Koplo Hezroni, akainama akamgeuza. Alikuwa amekufa.

Karani akafungua kitabu cha sheria, akatafuta kwa kidole. "Vinane vilivyobaki vinarithiwa na mjane," akasema.

Mama mchungaji akaja mwenyewe, akalala kando ya mumewe. Koplo Hezroni akainua fimbo, akaichapa kwenye benchi. Akachapa benchi mara nane kwa nguvu zote, na mara nane yule mama akasema "kibali", na karani, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika alichosikia na si alichoona, akaandika.

Koplo alipokuwa akimfungua Kezia kwenye nguzo alisema bila kuinua uso, "Baba yako aliendelea kupiga tarumbeta mpaka alipoangushwa. Yuko nyuma ya zahanati ya kule, chini ya mkuyu. Wapo ishirini na watatu. Hujanisikia."

* * *

Lori liliondoka juma lililofuata, baada ya mazishi. Walikuwa wanafunzi kumi na wanane, na Mama Ndelilio, ambaye aliambiwa abaki akakataa, akasafiri kifudifudi juu ya mablanketi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alisoma kibali, akakunja uso.

"Mnakwenda kumhubiria nani?"

"Mawe," akasema Kezia kwa mdomo uliovimba.

"Mawe hayana shida. Piteni."

Sheria ya Tulivuni inakataza kufukua makaburi. Lakini kwa kuwa milimani hapakuwahi kuwa na watu, hapakuwahi kuwa na makaburi, kwa hiyo wanafunzi walichimba chini ya mkuyu wakiwa ndani ya sheria kabisa. Walichimba siku mbili. Koplo hakuwa mtu wa hesabu. Walikuwa thelathini na mmoja.

Siku ya pili Kezia aliona watu wamesimama msituni, wakiwa wembamba, wamevaa magunia. Walikuwa kumi na mmoja. Hawakusogea.

"Ninyi ni wa serikali?" akauliza bibi mmoja.

Mama Ndelilio akawapa kisogo, akashusha khanga yake, akawaonyesha majeraha. Bibi yule akatazama, kisha akageuka na kushusha gunia lake, naye alikuwa na makovu. Baada ya hapo wakaja. Zefania alikuwa ameandaa mahubiri yenye sehemu tatu juu ya msamaha. Aliyakunja akayatia mfukoni, akashika jembe.

Bibi alipita mfupa kwa mfupa akitaja majina. Huyu kwa mkanda, huyu kwa kiatu, huyu kwa kitana alichokuwa nacho nyweleni. Alipofika kwa Elinami alipita bila kutaja, maana Kezia alikuwa ameshapiga magoti. Kwenye mifupa ya vidole ulibaki uzi mdogo wa buluu. Wakamzika, na wenzake thelathini. Kezia akapuliza tarumbeta, na kwa kuwa alikosa jino sauti ilitoka imepasuka, lakini wimbo ulijulikana, na wale kumi na mmoja wakauimba mpaka mwisho.

* * *

Misheni ikiisha, Wizara hutaka ripoti. Fomu ilikuwa fupi: idadi ya watu mliowafikia. Kezia akaandika: waliolala, thelathini na mmoja, waliosimama, kumi na mmoja.

Fomu ilirudi ikiwa na wino mwekundu. Watu hao hawapo. Mwandishi afike Wizarani afute, au alipie kila mtu wa uongo kwa kiboko kimoja. Wakati huo mahafali yalikuwa yamekwisha pita, na mgongo wa Kezia ulikuwa wake.

Akaenda, tarumbeta begani. Karani alikuwa yule yule, na hakuwa mtu mbaya. "Sema sifuri, dada, uende zako," akamwambia taratibu.

"Nikichapwa nitatakiwa kutaja ninacholipia?"

"Sharti. Utawataja hao hao uliowaandika."

Kezia akavua koti, akalala. Aliyechapa hakuwa Koplo Hezroni. Hezroni alikuwa gerezani, kwa sababu benchi la kanisa lilikutwa na alama nane.

"Elinami," akasema Kezia. "Mwinjilisti. Baba yangu."

Pa! Karani akaandika.

"Ndeshi, mkunga wa zahanati."

Pa!

"Yonazi na mtoto wake Raheli, alikuwa mgongoni. Hao ni wawili."

Pa! Pa! Kalamu ya karani ikasimama. "Afande," akanong'ona kwa mkubwa wake, "huyu anataja watu."

"Sheria inasemaje?"

"Neno kwa neno."

"Basi andika, unaniuliza mimi?"

Akaandika. Kwenye cha thelathini Kezia alikuwa akitema damu katikati ya majina, na karani akaomba arudie moja asije akalikosea. Akalirudia. Viboko arobaini na viwili, watu arobaini na wawili, nakala tatu, moja ya Wizara, moja ya Hazina, moja ya mlipaji. Muhuri ukagongwa. Kezia akaikunja yake, akaitia kwenye mdomo wa tarumbeta, akashuka ngazi za Wizara akishikilia ukuta.

Serikali haikulala. Mwaka huo huo wimbo wa taifa uliongezewa ubeti wa nane, unaosema kwamba milimani hakuna mtu, na asiyeuimba huchapwa. Wengi sana wamechapwa. Lakini stakabadhi ya Kezia imepita mkono kwa mkono, na siku hizi wanapolazwa kwenye benchi na kuulizwa wanalipia nini, wananchi wa Tulivuni hawasemi tena tofali. Wanasema Elinami, mwinjilisti. Wanasema Ndeshi, mkunga. Na makarani, kwa kuwa sheria ni sheria, wanaandika.